Kabla hujafungua chupa uliyorithi karakanani

Juzi hapa Kisumu nimemkuta kijana akiloweka bodi ya tyuna ndani ya sufuria ya alumini iliyojaa feriki kloraidi, kemikali ya kulia shaba isiyotakiwa kwenye bodi za saketi. Sufuria inatokota na jiko halijawashwa! Naye amejiinamia juu yake, anangoja shaba iliwe. Wadogo zangu, mambo haya tumeyasema kwa kila kundi linaloingia kwenye redio ya ridhaa, sasa nayaandika.

1. Feriki na chuma havikai pamoja. Alumini ndiyo mbaya zaidi, kwa maana inashambuliwa kwa kasi, inatoa joto na gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Trei ya plastiki, chupa ya plastiki, kifuniko cha plastiki. Iweke mbali na vifaa, kwa sababu mvuke wake peke yake hutia kutu koleo na bisibisi. Miwani na glavu, kila mara, hata kama bodi yenyewe ni ndogo kama kiberiti.

2. Doa la feriki haliondolewi kwa jiki. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Kulikuwa na mdogo wetu, kijana hodari, mkono mtulivu kwenye lehemu kuliko wengi wetu. Alasiri moja ya mvua alikuwa peke yake kwenye kibanda cha mabati, mlango ameufunga maji yasiingie. Akamwaga feriki kidogo sakafuni. Wote mnalijua doa lile la kahawia kwenye saruji. Akaona tukija tutamgombeza, akachukua chupa ya jiki ya kufulia, akaimimina juu ya doa, akapiga magoti na kitambaa kuanza kusugua.

Feriki ni tindikali. Jiki ikikutana na tindikali hutoa klorini, gesi ile ile ambayo Wajerumani waliwarushia maadui wao huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo haipandi ikatokea dirishani. Inatanda chini, pale pale uso wa mtu aliyepiga magoti ulipo.

Mama muuza omena wa kibanda cha jirani ndiye aliyesikia kikohozi. Alifungua mlango, akamvuta kwa shati hadi nje kwenye mvua. Tulipofika macho yake yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka, kila akijaribu kuvuta pumzi anakatika katikati. Tukampakia kwenye tuktuk hadi hospitali. Kufikia jioni alikuwa anasema amepona, anataka kwenda nyumbani. Daktari akakataa: klorini inaweza kuyajaza mapafu maji saa kadhaa baada ya mtu kuonekana mzima. Akalazwa chini ya uangalizi, nami nikakesha kando ya kitanda nikimsikiliza anavyokohoa. Alipona, tunashukuru Mungu. Na yote hayo ni kwa sababu alitaka tukikute kibanda kisafi.

Basi sikilizeni. Doa la sakafuni liacheni hapo. La kwenye nguo, limau. Hakuna mkubwa yeyote kati yetu atakayekugombeza kwa sababu ya doa.

3. Chupa isiyo na lebo usiinuse. Wazee waliotutangulia walisafishia swichi na kontakti kwa kaboni tetrakloraidi, na chupa zake bado zipo kwenye rafu. Harufu yake ni tamu kidogo, lakini inaua ini na figo. Mvuke wake ukigusa moto au chuma chenye joto kali unaweza kugeuka fosijini, nayo ni sumu kuliko klorini. Usiijaribu, usiifungue. Na anayeweka kemikali kwenye chupa ya soda, hata "kwa leo tu", asiingie karakana yenye watoto karibu.

Wanaotumia pasalfeti badala ya feriki: mchanganyiko wake hutoa oksijeni polepole, kwa hiyo kifuniko kisikazwe, chupa itapasuka.

4. Linia za zamani, yaani vikuza nguvu vya redio. Kapasita kubwa na transfoma zilizotengenezwa kabla ya 1979, mwaka Marekani ilipopiga marufuku kutengeneza PCB, mafuta yenye klorini yaliyotiwa ndani yake, zichukulie kuwa na sumu hadi ithibitishwe vinginevyo. Usizitoboe, usizichome. Mnajua jinsi mafuta ya transfoma yanavyoibwa nchini yakakaangiwa chipsi. Mtu akikuomba hata kikombe kimoja, mkatalie. Na transista kubwa za masafa ya redio zenye kauri nyeupe zisipigwe tupa wala kuvunjwa: vumbi la oksidi ya berili likiingia kwenye mapafu halitoki.

5. Feriki iliyochoka haiendi mtaroni. Imejaa shaba, na shaba huua samaki. Mitaro yetu huingia mto Kisat, Kisat huingia ghuba ya Winam, na sehemu ya maji ya bomba ya mji huu huvutwa Dunga, kwenye ziwa hilo hilo. Tia magadi kidogo kidogo ndani ya ndoo pana ya plastiki, nje penye hewa, kwa sababu povu hupanda haraka. Povu likikoma, tope lenye shaba litatuama. Tope na maji yake vyote vibaki kwenye dumu la plastiki lenye lebo, hadi apatikane mzoataka mwenye leseni ya taka za sumu kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira.

Mwenye chupa asiyoijua aiache ilipo, aipige picha bila kuigusa, atuletee picha hiyo tuiangalie pamoja.