Wanafunzi wangu wanawajibu Wajerumani kama wanajibu mtihani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa fasihi, kidato cha tano, wilayani Mufindi. Tangu Februari darasa langu linaandikiana na darasa moja la Ujerumani kuhusu riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ile iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Wenzetu wanaisoma kwa Kijerumani, sisi tunasoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wao huandika mistari michache, wanauliza, wanabisha. Wangu hujibu kwa kurasa mbili zinazoanza: “Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuibua dhamira mbalimbali.” Barua za kule zimeanza kupungua. Halafu tukifika penye Wajerumani ndani ya kitabu, pande zote mbili kimya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Watoto hao hawana kosa. Tumewazoesha fani huku, maudhui kule, dhamira hizi, wahusika wale, kila hoja na mfano wake. Wamejifunza kumwandikia msahihishaji, na msahihishaji haulizi swali la pili. Mwenzao wa Ujerumani anauliza, tena anasubiri jibu.

Kwa muda huu wa kuandikiana, neno “dhamira” liweke kabatini. Chagua ukurasa mmoja, darasa zima lisome huo huo, na kule wausome huo huo. Mimi ningeanza na Yusuf anapoondoshwa kwao akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Anafuatana na Aziz, tajiri wa biashara anayemdhania ndugu wa familia, mtu ambaye kila akija kuwatembelea humwachia sarafu ya anna kumi. Mtoto anaipenda sarafu ile. Ni mpaka afike dukani kwa tajiri ndipo kijana mwingine, Khalil, anapomfumbua macho: huyu si ndugu yako, baba yako anadaiwa, na wewe umewekwa rehani.

Someni hapo polepole. Kisha waulize wanafunzi wako: hapa kwetu mnamjua nani aliyeondoka nyumbani namna hii?

Najua utakachosikia, kwa sababu nimefundisha mkoa huo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimelelewa na mabinti wa Iringa na Njombe. Anakuja mtu kijijini, anaitwa shangazi hata kama udugu wenyewe haueleweki, anasema mtoto akasome mjini. Huko mtoto anakuta ndoo, sufuria na watoto wa wenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kuhusu dada yake kwamba siku ya kuondoka alinunuliwa viatu vipya, akavaa palepale na kuzunguka navyo kwa majirani kuwaonyesha. Hakuandika neno “unyonyaji” hata mara moja. Ukiweka viatu vile pembeni ya sarafu ya Yusuf, mtoto wa Ujerumani ataelewa jambo ambalo kitabu chake peke yake kisingemwonyesha, na barua itarudi haraka.

Ila usimlazimishe mtu kutoa mambo ya kwao. Atakayetaka kuandika ya jirani bila kumtaja jina, mwache aandike. Na waandike kwanza kwa Kiswahili. Kiingereza kije baadaye, kwa vikundi, mkisaidiana. Mtoto akianzia kwenye Kiingereza hutafuta sentensi anayoiweza, si ile anayoitaka.

Sasa hilo la kimya. Msilikwepe, tafadhali, ila msilianze kwa mashitaka. Mwishoni (wasiofika huko wanisamehe) Yusuf anaukimbilia msafara wa askari unaoongozwa na Mjerumani. Waulize wote, wa kwako na wa kwao, swali moja tu: kwa nini alikimbilia kule? Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika, kwa hiyo hata darasani kwako “sisi” na “wao” havitakaa sawasawa. Ndivyo ninavyotaka.

Baada ya hapo peleka darasa kwenye makumbusho ya Kalenga, si mbali na Iringa mjini. Wanafunzi wako wanajua kwamba Agosti 1891 Wahehe walikishinda kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo, naye akafia hapo. Kwamba Kalenga, ngome yao, iliangushwa 1894. Kwamba Mkwawa, mtawala wao, alijiua 1898 ili asikamatwe. Sidhani kama wanajua kwamba fuvu lake limetajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, Ujerumani ikitakiwa kulirudisha, na kwamba lilirudi 1954 tu, likitokea jumba la makumbusho la Bremen. Wasimame mbele ya lile fuvu, kisha waandike walichokiona kwa macho yao. Hao wa Ujerumani wapeni kazi yao: waulize makumbusho ya karibu nao yana nini kutoka huku kwetu. Kijana wa miaka 17 asidaiwe kuomba radhi kwa mambo ya mwaka 1898. Aombwe atafute, asome, alete alichokipata.

Kuhusu mawasiliano, msitegemee video; umeme na bando vitawakatisha tamaa. Sauti zilizorekodiwa kwa simu zinatosha. Kumbukeni pia kwamba tunawatangulia kwa saa mbili wakati wa baridi yao, na saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni msichana wa kidato cha tano, Njombe. Rafiki yangu wa kuandikiana ni wa Ujerumani. Ameniambia Yusuf ni mwoga. Mimi sikubali, lakini naogopa kumkosea adabu. (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwambie hukubali. Kisha mtajie mahali pale kitabuni panapokufanya usikubali, mnukulie maneno yenyewe, umwombe na yeye akutajie pake. Salamu na habari za nyumbani zitangulie, kama unavyoandika barua yoyote. Kubishana kuhusu Yusuf si kumtukana rafiki yako. Na akikujibu, niandikie, nataka kujua alichosema.