Mji gani wa Marekani una watu wakarimu? Inategemea unatafuta nini

Anayeuliza swali hili aseme kwanza anachotaka: salamu, msaada au urafiki. Kwetu vitu hivi hutembea pamoja. Anayekusalimu kwa kirefu ndiye atakayekupokea mzigo. Marekani kila mji una chake, na mgeni asiyejua hilo huishia kununa bure.

New York ndio mji unaosingiziwa zaidi. Watu hawasalimiani njiani, ni kweli, na ukisimama katikati ya ngazi za treni ya chini ya ardhi kusoma simu, utasukumwa. Lakini msaada upo tele, mradi usile muda wa mtu. Sogea pembeni, mwangalie mtu asiyevaa spika za masikioni, kisha uliza moja kwa moja: "Excuse me, uptown?", yaani treni za kwenda kaskazini (za kusini ni "downtown"). Ukianza na shikamoo ndefu atadhani unauza kitu au unaomba hela. Na swali hilo liulize kabla ya kulipa: vituo vingi vina mlango wa treni za uptown upande mmoja wa barabara na wa downtown upande wa pili, bila njia ya kuvukia ndani. Ukikosea, unatoka na kulipa nauli upya. Mara nyingi atakayekujibu atasahihishwa na mpita njia mwingine, wabishane njia ipi ni fupi. Huo ndio ukarimu wao.

Kusini, mathalani Houston au New Orleans, mambo ni kinyume. Unasalimiwa na usiyemjua, na wewe itikia. Kupita kimya barazani pa mtu ni utovu wa adabu. Mkubwa mwite "sir" au "ma'am". Mhudumu wa duka New Orleans akikuita "baby", hakutongozi, ndivyo wanavyosema. Ukiulizwa unasali kanisa gani, hujachunguzwa; huenda unaalikwa, na mwaliko huo mara nyingi ni wa kweli. Angalia tu "bless your heart": inaweza kuwa pole, inaweza kuwa "masikini, huna akili". Sikiliza sauti. Kasoro ya Houston ni umbali. Mji una zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na asiye na gari huishia kuwa na marafiki wa simu.

Seattle ndiko wageni wanakolia. Madereva hupishana kwa heshima mpaka njia panda inakwama, ila kualikwa nyumbani ni kazi. Wenyewe wana jina lake, "Seattle Freeze", yaani baridi ya watu, si ya hewa. Ukiambiwa "tuonane siku moja", hujaalikwa. Ni namna ya kuagana. Mwaliko una siku, saa na mahali, kwa hiyo utaje wewe: Jumamosi, saa nne asubuhi, mgahawa fulani. Kwa Kiingereza hiyo ni 10, usije ukaandika 4, mtu akakungoja alasiri. Bora zaidi ni kujiunga na kikundi kinachokutana kila wiki, kama cha kupanda milima, na kutokosa. Urafiki wa Seattle huja kwa kuonana mara kwa mara, hauji kwa maongezi matamu ya siku moja.

Chicago nina neno moja: baada ya theluji ukikuta kiti kikuukuu barabarani penye nafasi ya gari, usikiondoe. Kuna mtu kachimba hapo kwa koleo, na kiti ni alama kwamba nafasi ni yake.

Minneapolis, penye Wasomali na Wakenya wengi, ukarimu huonekana wakati wa theluji. Jirani asiyekusemesha miezi sita atakusafishia njia ya miguu kwa mashine yake, au atakubustia betri gari likigoma. Mrudishie wema huo, na usiache theluji kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba yako: sheria ya mji inakupa saa 24 za kuiondoa tangu ikome kuanguka. Ukimkaribisha chakula atakataa. Rudia mara ya pili na ya tatu, kama nyumbani.

Ukiwa mgeni wao, mwenyeji akijipiga mapaja na kusema "well", muda umekwisha. Ila usivae koti zito bado. Utaagwa sebuleni, mlangoni, kisha garini, na ukilivaa mapema utatoka jasho.