Jibu: Jinzi na sweta la pamba Kilimanjaro mwezi Agosti

Mkuu, hiyo jinzi iache Moshi. Umeuliza kama jinzi, sweta la pamba na koti la kukodi vinatosha kwa njia ya Marangu mwezi Agosti, na umesema wakala amekuhakikishia kwamba kiangazi hakuna mvua mlimani. Wakala wangu aliniambia maneno hayo hayo huku akinywa soda kivulini, na sidhani kama miguu yake imewahi kufika hata Mandara, kambi ya kwanza.

Katika msitu ulio kati ya geti la Marangu na Mandara mvua huweza kunyesha hata wakati mashamba ya chini yamejaa vumbi, kwa sababu hewa yenye unyevu hupanda mteremko, ikapoa na kuwa mawingu. Nililoa humo. Jinzi niliyoianika Horombo, kambi ya pili, mita 3,720, niliikuta asubuhi imekakamaa kwa barafu kiasi kwamba ningeweza kuisimamisha mlangoni ilinde mizigo.

Hilo lilikuwa dogo. Kwa kuwa nilitetemeka Horombo, nilivaa nguo zote kavu nilizokuwa nimebakiza, nikatembea nazo hadi Kibo, kambi ya mwisho, mita 4,720, nikafika zimelowa jasho. Usiku wa manane, tulipoanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, sikuwa na hata fulana moja kavu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na upepo huongeza yake. Kila tuliposimama kupumua, pamba ile yenye unyevu ilininyang'anya joto lote, hadi mwongozaji akanigeuza kabla ya Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, akafanya vyema. Ada za hifadhi na ujira wa wapagazi vilikuwa vimeshalipwa, na hakuna anayerudisha fedha kwa sababu ya jinzi.

Kwa hiyo tenga seti moja ya nguo za usiku wa kileleni, yaani nguo za ndani za sufu au sintetiki, soksi nene na glavu, uifunge, na usiifungue kabla ya Kibo hata meno yakigongana. Horombo ingia kwenye begi la kulalia. Koti la kukodi limwagie maji begani mbele ya mwenye duka, na likiyanywa, mrudishie. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo kodi mfuko usiopitisha maji wa kutilia seti hiyo, uujaze hewa, uufunge na kuukandamiza uone kama unavuja, kabla hujalipa.