Usisubiri maabara, anza na chupa ya maji

Jumatano usiku simu yangu iliita mlio wa ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Ile chupa imeniokoa leo." Niliusoma mara tatu. Mwandishi wake nilimfundisha uhandisi kemikali mwaka wa kwanza, na sasa yuko fildi kwenye kiwanda cha vinywaji.

Walikuwa wanamwaga maji ya tangi refu lililojaa, yanatoka kwa chini yenyewe, bila pampu. Dakika 40 zilipopita ilibaki robo. Msimamizi akawauliza: bado muda gani liishe? Wenzake wakapiga hesabu upesi. Robo tatu zimetumia dakika 40, basi robo iliyobaki ni dakika 13 hivi. Yeye akasema 40 nyingine. Wakamcheka. Tangi likaisha baada ya dakika 43 nyingine.

Najivunia binti huyu, sifichi. Lakini ukweli ni kwamba miaka yangu miwili ya mwanzo nilifundisha kwa chaki peke yake. Pampu ya maabara ilikuwa mbovu, nikawa naandika barua za kuomba fundi, na somo la mtiririko likifika nawaambia wanafunzi, "Mtaviona kiwandani." Kisha nikasahihisha mtihani mmoja ulioniumiza. Karibu wote walikuwa wameandika kanuni ya Torricelli, ile inayotoa kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu kutokana na kimo chake, bila kosa, lakini nilipouliza kama maji ya mwisho hutoka kwa kasi ileile ya yale ya kwanza, wengi walijibu ndiyo. Kosa lilikuwa langu.

Wiki iliyofuata nikaingia darasani na chupa ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, msumari wa milimita 3 uliochomwa motoni, rula na simu ya kupimia sekunde. Tundu unalitoboa ubavuni, juu kidogo ya kitako, na kimo unakipima kuanzia kwenye tundu. Unaziba kwa kidole, unajaza hadi sentimita 20, unaachia. Chupa ya kwanza ilitoa maji kidogo, yakakatika. Darasa kimya. Kijana mmoja alikuwa amefunga kifuniko, hewa haingii. Alipokilegeza, maji yakaruka hadi kwenye daftari lake. Sijawahi kufundisha shinikizo la hewa vizuri kuliko dakika ile, na sikuwa nimelipanga.

Kutoka sentimita 20 hadi 5 tulipata dakika 2 na sekunde 15. Kutoka 5 kushuka hadi kwenye tundu, dakika 2 na sekunde 31. Kasi hufuata kipeuo cha pili cha kimo, kwa hiyo kimo kikibaki robo, muda uliopita ni nusu tu ya muda wote, na vipande viwili vilipaswa kulingana. Zile sekunde za ziada tukaziona kwa macho: mwishoni mkondo unavunjika, maji yanashikamana na ukingo wa tundu na kudondoka matone.

Baadaye tukachemsha lita 1 ya maji ya bahari mpaka yakakauka, tukitafuta gramu 35 hivi za chumvi. Tukapata 29. Nyingine ilikuwa imerukia ukutani na kuganda kwenye sufuria, nao wakajifunza kwamba mizania ya maada, yaani hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, haikubali kitu kupotea bila maelezo.

Kikaoni mkubwa mmoja alisema, mbele ya wenzangu, kwamba nageuza chuo kuwa chekechea. Sikumjibu. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Sasa wewe unayefundisha, au unayesoma na unataka kuwa mhandisi wa kweli: acha kulilia vifaa. Anza na chupa. Lakini kabla ya kuachia kidole, kila mtu aandike kwa kalamu anachotarajia, isiwe penseli, maana penseli inafutika na mtu atajidai alijua. Bila utabiri ule mnacheza maji tu. Mkimaliza, rudieni. Namba isipolingana na kanuni, usimruhusu mtu aandike "makosa ya kibinadamu" na kwenda kula. Aseme ni kosa gani, liko wapi, kubwa kiasi gani. Utabiri kwanza, nasema tena, utabiri kwanza.

Binti yangu wa fildi nimemjibu kwamba nimefurahi sana, na kwamba asilale kabla hajaniambia zile dakika 3 za ziada zimetoka wapi.