Kabla Hujalipia Tiba ya Sumaku ya Ubongo, Uliza Wanapimaje

Dada mmoja ameniandikia kutoka Mwanza. Kaka yake ana sonona ya miaka mingi. Amepewa dawa za sonona, amitriptilini na baadaye fluoksetini, na nafuu ya kueleweka hajaiona. Ukoo umechanga, na wakala wa safari za matibabu amewaambia kuna hospitali nje ya nchi yenye "mashine ya sumaku" inayotibu sonona, kifafa, usonji, kiharusi na kisukari. Anauliza: ni kweli, au tunaibiwa?

Dada yangu, tiba ni ya kweli. Orodha hiyo ndiyo yenye walakini.

Wataalamu huiita TMS, yaani kuuamsha ubongo kwa sumaku kutoka nje ya kichwa. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili, yaani waya uliozungushwa unaopitisha umeme, ikiwekwa juu ya kichwa inaweza kuuchezesha mkono wa mtu bila maumivu na bila kumkata popote. Oktoba 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kwa watu wazima wenye sonona ambao dawa haikuwasaidia. Kipandauso kikafuata mwaka 2013, kisha mwaka 2018 ikaruhusiwa kwa wale wanaoteswa na mawazo na vitendo vya kujirudiarudia wasivyoweza kuvizuia, na mwaka 2020 kwa wanaotaka kuacha sigara. Kwenye kiharusi na maumivu ya mishipa ya fahamu kuna ushahidi mzuri kwa baadhi ya matumizi. Usonji haumo katika ruhusa hizo. Kisukari hakihusiki kabisa, na anayekutajia kisukari na sonona kwa mashine moja anauza mashine, hatibu.

Ndani ya koili, ambayo mara nyingi ina umbo la nambari nane, hupita umeme wa maelfu ya ampia kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo huzuka sumaku ya kama tesla 1.5 hadi 2, nguvu inayokaribiana na ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Kinachofanya kazi ni kule kupanda na kushuka kwake kwa kasi, kwa sababu ndiko kunakoamsha umeme mdogo ndani ya gamba la ubongo, kwenye kina cha sentimita 2 hadi 3 tu. Sumaku iliyotulia haiamshi umeme wowote. Kwa hiyo bangili za sumaku, mito ya sumaku na vile vijimashine vya kushika mkononi vinavyodai kusoma mwili mzima kwa dakika moja havina udugu wowote na TMS, hata muuzaji akitumia maneno yaleyale. Inauma kuona fedha za mgonjwa zikiishia huko.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Hospitali mbili zinaweza kuwa na mashine ya aina moja, moja ikawasaidia watu na nyingine ikawapotezea muda. Tofauti kubwa iko kwenye vipimo viwili: nguvu inayotumika, na mahali koili inapokaa. Asiyepima anabahatisha. Uliza hivyo viwili kabla ya kuuliza bei.

Nguvu haikisiwi kwa macho wala kwa uzito wa mgonjwa. Siku ya kwanza mgonjwa hukaa kwenye kiti, mkono wa kulia umelala juu ya mto, vidole vimelegea. Mtaalamu huweka koili upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sehemu inayoongoza mkono, na kupiga pigo mojamoja la sumaku huku akiacha sekunde kadhaa katikati. Macho yake yako kwenye kidole gumba. Kikiruka anapunguza nguvu, kisiporuka anasogeza koili kidogo au anaongeza. Anatafuta nguvu ndogo kabisa inayokichezesha kidole angalau mara 5 katika mapigo 10. Wenye vifaa zaidi hubandika elektrodi, vibandiko vya kusoma umeme, kwenye msuli na kuhesabu mwitikio unaofika mikrovolti 50. Hicho ndicho kizingiti cha mgonjwa huyo. Kwa sonona, kipimo cha kawaida ni asilimia 120 ya kizingiti: kidole kikiruka mashine ikiwa kwenye asilimia 50 ya uwezo wake, tiba itakuwa kwenye 60. Wako watu ambao kizingiti chao kinafika 85. Hesabu hapo inapita uwezo wa mashine, na daktari mkweli atakwambia hivyo mapema.

Kizingiti hubadilika. Kukosa usingizi, pombe, dawa mpya au dawa iliyoachwa ghafla vyote hukisogeza. Kipimwe upya kila wiki, na kila dawa inapobadilishwa. Ukiambiwa "tulishampima alipofika, inatosha", dai kipimo kingine.

Lipo jambo ambalo wageni hawalifikirii, na watu wetu huliona linawahusu siku hiyohiyo: nywele. Nguvu ya koili hufifia haraka sana kadiri inavyosogea mbali na ubongo. Kila milimita moja huhitaji nyongeza ya takriban asilimia 3 ya nguvu ya mashine. Rasta nene, mabutu, wigi au nywele za kushonea zikiinua koili milimita 5, umeshapoteza kama asilimia 15, na koili inakaa upande. Dada anayekwenda kutibiwa afumue, asuke mistari myembamba iliyolala, au anyoe akiona sawa. Asibadilishe mtindo katikati ya matibabu bila kizingiti kupimwa upya. Pini, klipu, pete za kwenye rasta na hereni zote zivuliwe. Mtaalamu akipima juu ya wigi, ondokeni.

Kipimo cha pili ni mahali. Kwa sonona hulengwa sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto. Zamani walitumia kanuni ya sentimita 5: tafuta pale kidole gumba kinaporuka, kisha sogea mbele sentimita 5. Vichwa havilingani. Mwaka 2001 Herwig na wenzake nchini Ujerumani waliikagua kanuni hiyo kwa picha za ubongo, na kati ya watu 22 ni 7 tu ambao koili iliangukia palipokusudiwa. Wengine ilibaki nyuma mno. Bado kuna vituo vinavyotumia sentimita 5 kwa kila mtu. Njia bora isiyohitaji gharama ni ya utepe: hupimwa kutoka kwenye kibonyeo cha juu ya pua hadi kwenye nundu ya kisogo, kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, na mzunguko wa kichwa. Namba hizo tatu huingizwa kwenye programu, nayo hutoa vipimo viwili vya umbali vya kutia alama kichwani. Ya juu zaidi hutumia picha ya MRI ya mgonjwa mwenyewe na kamera inayofuatilia koili. Utepe ukitumika kwa uangalifu unatosha kwa wengi. Kinachoharibu ni uvivu wa kila siku: alama imefutika kwa jasho, kofia yenye alama imewekwa ovyo, mgonjwa amejisogeza dakika ya kumi na hakuna aliyetazama.

Kuhusu ratiba, ndugu wengi huona wamepunjwa wakisikia kikao ni dakika 3. Hamjapunjwa. Ratiba ya zamani ni mapigo 10 kwa sekunde, kwa sekunde 4, kisha mapumziko ya sekunde 26, mara 75. Jumla ni mapigo 3,000 kwa dakika 37 na nusu. Ratiba mpya hupiga mapigo matatumatatu ya haraka, sekunde 2 kazi na sekunde 8 mapumziko, jumla mapigo 600 kwa dakika 3 na kidogo. Mwaka 2018 Blumberger na wenzake nchini Kanada walizilinganisha kwa wagonjwa 414, na ya dakika 3 haikuzidiwa. Zote mbili huenda siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. Hapo ndipo bajeti nyingi huvunjika: watu hulipia mashine na kusahau wiki sita za chumba, chakula na usafiri wa kila asubuhi. Mgonjwa akikatisha wiki ya pili kwa kuishiwa, hajapata tiba. Wengi huanza kuhisi tofauti wiki ya tatu au ya nne.

Mkiona tangazo la "siku tano tu", ratiba hiyo ipo. Imetoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na FDA iliiruhusu Septemba 2022: vikao 10 kwa siku, mapigo 1,800 kila kikao, mapumziko ya dakika 50 katikati. Lakini inategemea picha maalumu ya MRI inayoonyesha jinsi sehemu za ubongo wa mgonjwa huyo zinavyowasiliana. Kituo kinachotangaza siku tano bila picha hiyo kinatoa kitu kingine.

Hatari kubwa ni kifafa kuanza katikati ya kikao. Ni nadra, kwa makadirio yanayotumika sana hakifiki mgonjwa 1 kati ya 1,000. Ila fomu nyingi huuliza tu "je, una kifafa?" na mtu wetu anajibu hapana. Semeni zaidi ya hapo. Kama alipata degedege utotoni, kama aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, kama alianguka na bodaboda akapoteza fahamu, kama anatoka eneo ambako tegu wa nguruwe huingia hadi kwenye ubongo, daktari ajue. Dawa pia: amitriptilini, tramadoli, isoniazidi ya kifua kikuu, klorokwini na meflokwini ni miongoni mwa zinazoweza kurahisisha kifafa kuanza. Hilo halimzuii kutibiwa, ila linabadilisha tahadhari. Aliyezoea pombe au dawa ya kutuliza ya diazepamu asiache ghafla wiki ya matibabu ili aonekane safi mbele ya daktari. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Mirungi nayo msiifiche.

Hali ya kifafa ikitokea, koili iondolewe, mgonjwa alazwe ubavu, saa itazamwe, na mdomoni pasiingizwe kijiko wala kitambaa. Ikipita dakika 5 inahitajika dawa ya kuikatisha, na dawa hiyo iwe tayari ndani ya chumba. Muulizeni mtaalamu awaonyeshe ilipo. Kuzimia kwa woga au njaa ni jambo la kawaida zaidi, kwa hiyo mgonjwa ale kwanza.

Wasioruhusiwa kabisa ni wenye chuma kinachovutwa na sumaku kichwani, klipu za mishipa ya ubongo, vipande vya risasi, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio. Mwenye kifaa cha kusawazisha moyo apate kwanza neno la daktari wake wa moyo. Meno yaliyozibwa hayana shida. Mwenye historia ya kuchangamka kupita kiasi na kukosa usingizi siku kadhaa aseme, maana anaweza kurushwa upande huo. Na kila aliyemo chumbani avae vizibo vya masikio, hata ndugu aliyekaa kona.

Maumivu ya ngozi ya kichwa na kuchezacheza kwa nyusi wiki ya kwanza si dalili mbaya. Paracetamoli hutosha, na mtaalamu anaweza kuanza na nguvu ndogo kisha apande hadi 120 ndani ya siku chache. Chumba kiwe na kiyoyozi, kwani koili hupata moto, na ikizidi mashine hujizima katikati ya kikao.

Kwa kiharusi mpango ni tofauti. Mara nyingi hupigwa upande wa ubongo usioumia, pigo 1 kwa sekunde, ili kuutuliza usiulemee ule ulioumia, na mazoezi ya mkono hufuata papo hapo. Ushahidi ulio imara unahusu mkono, katika miezi ya mwanzo. Anayeahidi kumwinua mtu aliyelala miaka kumi anawadanganya.

Dawa za kaka zisiachwe kwa sababu ya safari. Kila Jumatatu ajaze fomu ya PHQ-9, yenye maswali tisa ya kupima sonona, ambayo ipo kwa Kiswahili na huhesabiwa kutoka 0 hadi 27. Alama zikishuka nusu, tiba imefanya kazi. Zikiwa chini ya 5, amepona kipindi hicho. Msitegemee sura yake kwenye simu ya video.

Na msirudi nyumbani bila karatasi yenye kizingiti chake cha kila wiki, namba za utepe au za picha, aina ya koili, ratiba iliyotumika, jumla ya mapigo na vikao alivyokosa. Kwa baadhi sonona hurudi ndani ya mwaka, na kwa aliyenufaika mara ya kwanza vikao vya kurudia mara nyingi husaidia. Daktari mwingine akiwa na karatasi hiyo ataanza alipoishia wa kwanza. Iandikwe majina ya dawa alizokuwa akimeza siku zile, pamoja na dozi.