Hiyo ni kerisi, si jambia

Kaka, hicho kisu ulichorithi kwa mjomba si jambia la Omani. Ni kerisi, yaani jambia la jadi la Indonesia, na kwa umbo la ala nadhani ni ya kisiwa cha Java, sehemu ya kati. Anza na bapa lenyewe, maana mpini na ala hubadilishwa mara nyingi, vinaweza kuwa vichanga kuliko chuma. Hesabu mipindo ya bapa, yale mawimbi yake: kwa kawaida huwa witiri, kwa hiyo ukipata shufwa rudia kuhesabu. (Zipo pia zilizonyooka, nazo ni kerisi kamili.)

Ile michoro ya kijivu kwenye bapa inaitwa pamori. Haikuchorwa, hutokana na kufua pamoja chuma cha kawaida na chenye nikeli. Tafadhali usiisugue kwa msasa! Wajava husafisha bapa kwa ndimu na arseniki, ambayo ni sumu, ili michoro itokeze, basi vaa glavu ukiishika kerisi na uiweke mbali na watoto.

Kwenye ala, kichwa chenye ncha kama jahazi ni cha sherehe. Cha mviringo ni cha kila siku. Linganisha na picha za makumbusho ya Leiden, Uholanzi. Muuzaji akikutajia karne iliyotengenezwa kwa kuangalia picha tu, mpuuze.