RTX 4060 au RTX 3060 ya GB 12?
Kati ya kadi hizi mbili za picha (graphics) za Nvidia, 4060 ndiyo yenye kasi zaidi kwenye gemu. Muuzaji akikuambia 3060 ni kali zaidi kwa sababu ina GB 12 dhidi ya 8 za 4060, anachanganya ukubwa wa memori na kasi ya kadi.

Ni kweli, ukisoma takwimu za Nvidia wenyewe 3060 inaongoza kwenye mistari kadhaa: kore (vichakataji vidogo ndani ya kadi) 3584 dhidi ya 3072, upana wa njia ya memori biti 192 dhidi ya 128, na kasi ya memori GB 360 kwa sekunde dhidi ya 272. Ila kore za vizazi viwili tofauti huwezi kuzilinganisha kwa kuzihesabu tu. Za 4060 zinafika GHz 2.46, za 3060 zinaishia GHz 1.78, na kashe ya L2 (memori ndogo ya haraka ndani ya chipu) imepanda kutoka MB 3 za 3060 hadi 24 za 4060, kwa hiyo kadi haikimbilii memori kila mara. Umeme pia: 4060 inatumia wati 115, 3060 wati 170.

GB 12 zinalipa ukifanya kazi nzito za Blender (programu ya picha za 3D), ukiendesha modeli za AI nyumbani, au gemu likizidi GB 8 kwenye mipangilio ya juu kabisa. Hapo chukua 3060. Na kama mashine yako ni ya zamani, ya PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na kompyuta), 4060 inatumia leni 8 tu za njia hiyo, kwa hiyo itapoteza kasi kidogo.

Angalia boksi vizuri lakini: kuna 3060 ya GB 8 yenye biti 128. Hiyo achana nayo kabisa.